Siku Mama Alipotoa Maoni Akitazama Ukuta

Gari la matangazo lilipita kijijini kwetu Kintinku Jumanne mchana, nikiwa nimechuchumaa uani naosha vyombo, na sufuria niliiacha na povu lake. Sauti ya mwanamume ilikuwa inasema kwamba wananchi wote, wake kwa waume, wanaombwa kufika kwenye ghala la mazao siku ya Alhamisi, kutoa maoni kuhusu mapendekezo ya kubadilisha sheria ya mirathi ya kimila. Likapita, likageuka kule relini, likarudi. Nikalikimbilia na mikono yenye sabuni, kwa sababu kuna neno moja nilitaka kulisikia vizuri. Alilitamka tena. Mjane. Inapendekezwa mjane apate haki ya kumiliki ardhi aliyokuwa akiilima na mumewe. Haki ya Mungu niliruka pale pale barabarani, mtu mzima na elimu yangu, na mwenye duka la mkabala akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Baba alifariki mwaka juzi. Aliacha nyumba ya bati, ng'ombe wachache, na shamba la mpunga kule mbugani ambalo kila mwenye macho anajua kwamba mama ndiye aliyelilima. Lakini baba mdogo, yule mdogo wake baba anayeishi Itigi, alituma neno: shamba ni la ukoo, lirudi kwenye ukoo, na ukoo kwa maana yake ilikuwa ni yeye. Kikao cha ukoo kikapangwa Jumapili ya wiki ile ile ya matangazo. Wa kuamua alikuwa babu, baba mzazi wa baba. Kwa mila, mjane hana fungu lake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto. Na mtoto mwenyewe aliyebaki wa kumtunza ndiye huyu, nimemaliza chuo, niko nyumbani naosha masufuria. Ningemtunza na nini?

Babu naye alishatoa msimamo kabla hata matangazo hayajafika. Kwenye josho, kanisani, kwa kinyozi, kote alisema sheria hiyo itaingia nyumbani kwake yeye akiwa ameshazikwa. Nilimchukia wiki ile, Mungu anisamehe, na huku kila asubuhi nampigia magoti na shikamoo yangu.

Sasa mtu angeuliza, kwa nini mama asiende tu kwa mkwewe wakaongea? Ndipo lilipokuwa tatizo. Nyumbani kwetu mke wa mtoto haongei na baba mkwe. Siku hizi wapo wanaopeana hata mikono, sisi hapana. Mama hajawahi kumtazama babu usoni tangu aolewe. Wakikutana njiani, mama anaingia majanini na kumpa mgongo mpaka apite. Jina lake halitamki, na hata ndoo ya maji ikihitajika, ujumbe unapitia kwa mtoto. Nilipokuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa hiyo. Mama yuko hatua nne kutoka kwa babu, na mimi katikati nasema, "Mama anasema ugali uko tayari," na babu amesikia kila kitu. Anaitikia, "Mwambie nashukuru." Nageuka, namwambia.

Watoto tulipotawanyika kwenda shule za mbali, wakabaki wawili tu na boma lao, maana baba alikuwa kazini mbali. Basi wakaanza kumtumia mbuzi. Nasema kweli kabisa. Tulikuwa na mbuzi jike mwenye sikio lililokatika, na huyo ndiye aliyekuwa karani wa nyumba. Babu anapita na fimbo yake, anamwambia mbuzi, "Mwenye nyumba hii ajue ndama amevunja uzio." Mama anatoka, anamwambia mbuzi, "Mwambie tumeshaziba." Likizo ya kwanza nilipowasikia nilicheka mpaka nikakaa chini. Wenyewe hawakuona cha kuchekesha.

Jioni ile ya matangazo nilimkalia mama kooni. Nikamwambia hii ndiyo nafasi, serikali imekuja mpaka mlangoni, aende Alhamisi akaseme. Akauliza kitu kimoja tu, kama babu atakuwepo. Nikasema atakuwepo, tena mbele kabisa. Akasema basi hawezi. Nikamwambia nitamwandikia maoni yake kwenye karatasi, nami nitayapeleka, hakuna haja ya kusimama. Mama alikuwa anapepeta mchele. Akaweka ungo chini.

"Karatasi watasoma watu wa Dodoma," alisema. "Mimi nataka asikie yeye."

Nikamjibu kwa hasira kwamba amwambie mbuzi. Ulimi wangu huu, siku moja utaniponza. Hakunigombeza. Alisema hili si la kumwambia mbuzi, akaendelea kupepeta, na mimi nikaona aibu nikaenda kufungia kuku.

Asubuhi yake mtendaji wa kijiji alikuja kutafuta mtu mwenye mwandiko unaosomeka, kwa sababu timu ya kukusanya maoni ilikuwa na karani mmoja tu na ilihitaji wa pili wa kuzunguka nao vijijini. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kiongozi wa timu alikuwa mwanasheria, dada wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole, akatukalisha akatufundisha kazi kwa nusu saa. Kila msemaji ana fomu yake. Juu kuna visanduku viwili, Anakubali na Hakubali, na chini kuna mistari ya maelezo. Unaandika alichosema mtu, kama alivyokisema, hata kama hakikupendezi. Kisha akatutazama mmoja mmoja akasema karani haongei. Hashauri, hasaidii, hatikisi kichwa. Mimi, ambaye mama anasema nilizaliwa naongea, nikaapa kwamba nimeelewa.

Alhamisi ghala lilijaa. Wafugaji waliacha ng'ombe kwa wake zao, wake nao wakawaachia watoto, wote wakaja. Harufu ya alizeti ya msimu uliopita ilikuwa bado imo kwenye kuta. Wazee walipewa viti vya mbele, kama inavyostahili, na babu akakaa katikati yao na koti lake la sikukuu. Spika ya kipaza sauti ilikuwa imening'inizwa kwenye boriti, juu kidogo ya vichwa vyao. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandikisha wasemaji mlangoni kadiri wanavyofika. Nilikuwa na furaha na kiherehere cha mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, na kila kitenge cha kijani kikitokea barabarani nilidhani ni cha mama.

Alikuja. Nilimwona mbali, amesimama nyuma ya mwarobaini anasubiri babu aingie kwanza, maana mlango ule ni mmoja. Babu alikuwa amechelewa kwa kusalimiana na kila mtu. Aliandikwa akaingia, na mama akaja kwa haraka akapitia nyuma ya watu. Kumbe wakati babu ananitajia jina lake nilikuwa nimeshaacha mstari mtupu juu yake, bila hata kujua nimeuacha kwa ajili ya nani. Basi mama nikamwandika hapo. Akawa wa kumi na mbili, babu wa kumi na tatu. Kama huo ni udanganyifu, ninaukiri hapa.

Maoni yakaanza. Wengine walizungumzia sheria, wengine walizungumzia barabara na bei ya mbolea, na tukaandika yote. Kijana mmoja alisema mjane akipewa ardhi ataolewa tena na kuondoka nayo. Bibi mmoja akamuuliza ardhi inabebwa kwa begi gani, ghala zima likaangua kicheko. Dada mwanasheria aliomba utulivu huku naye anauma midomo. Niliandika mpaka kidole kikaota sugu, na sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda asubuhi ile. Watu wa kwetu, wasiosikilizwa hata na ofisi ya kata, wanaambiwa: sema, tunaandika.

Wa kumi na mbili akaitwa. Mama akatoka nyuma, akapita pembeni kabisa, akafika kwenye meza, akapewa kipaza sauti. Dada wa miwani akamwambia kwa heshima zote, "Mama yangu, geuka uwatazame wananchi wenzako ndipo useme."

Hakujua, maskini. Wananchi wenzake wa mstari wa mbele walikuwa hatua tatu, na katikati yao yuko mkwewe. Mama aliinamisha kichwa. Hakugeuka, hakusema. Spika ikawa inaleta pumzi yake tu. Watu wa Kintinku wote walielewa kilichotokea, timu haikuelewa hata mmoja, na mimi niliyeelewa pande zote mbili nimekula kiapo cha kunyamaza. Nilibana kalamu mpaka ikaacha alama kwenye ngozi. Dada akarudia tena, taratibu, akidhani mama ameona haya. Babu alikuwa ametazama chini, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Nilisema moyoni, imekwisha, atarudisha kipaza sauti, na Jumapili watatunyang'anya shamba.

Mama akafanya jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria, mimi na elimu yangu yote. Alijifunika kitenge kichwani, akawapa mgongo watu wote, akatembea mpaka ukutani, pale yalipokuwa yameegemezwa magunia matupu. Fundi wa mitambo akamfuata akiachia waya kidogo kidogo. Waya ukaisha hatua moja kabla ya ukuta. Akasimama hapo, uso ukutani, akaanza kusema, na sauti yake ikatokea kwenye boriti, juu ya kichwa cha babu.

Yule bibi wa begi alimsogelea dada mwanasheria akamnong'oneza kwamba mkwe wake yuko mbele. Dada akavua miwani, akaifuta.

Niliandika kila neno, kwa hiyo nayakumbuka. Mama alisema: "Mimi ni mjane. Lile shamba la mbugani tulipopewa lilikuwa pori la miiba. Marehemu alikuwa na kazi relini, anakuja mwisho wa mwezi. Niliyefyeka ni mimi. Visiki niling'oa mimi, nina mimba ya huyo anayeandika. Mume nimemzika, naambiwa na jasho langu nilizike. Siombi shamba la ukoo. Naomba jasho langu liandikwe."

Akarudisha kipaza sauti kwa fundi bila kugeuka. Hakuna aliyepiga makofi. Niliweka alama kwenye kisanduku cha Anakubali, machozi yananidondoka kwenye fomu ya serikali, nikayafuta kwa kiwiko.

"Namba kumi na tatu," dada akaita.

Babu akainuka. Kila mtu alijua alichokuja kusema, maana alishakisema kote. Lakini sasa naye alikuwa na kizuizi chake. Baba mkwe habishani na mke wa mtoto. Akimjibu mbele ya watu, aibu ni yake, tena ni aibu ya kuimbwa. Mila ile ile iliyomfunga mama mdomo ilikuwa sasa imemkaba babu, na sitasema uongo, nilifurahi. Alipokea kipaza sauti. Kisha akageuka upande wa makarani akaniangalia mimi.

"Karani," alisema, "nisomee alichosema huyo aliyetangulia."

Nilimtazama kiongozi wangu. Aliitikia kwa kichwa. Nikasimama na ile fomu, nikasoma. Mimi niliyekatazwa kuongea nikayasema maneno yote ya mama, kwa sauti yangu, usoni kwa babu, kama nilivyokuwa nikifanya nikiwa na miaka sita. Nikaisoma na ile mimba, nikaendelea mpaka jasho liandikwe.

Babu akatikisa kichwa taratibu. Akasema sheria hiyo yeye haikubali. Nyumba yake haiongozwi na karatasi, wala hataki mtu wa mbali amgawie mali aliyoikusanya baba yake. Akaniuliza kama nimeandika. Nikasema nimeandika, babu. Nikaweka alama kwenye Hakubali kwa nguvu karibu nitoboe fomu.

"Sasa andika na hili," akasema. "Wakati anang'oa visiki, mimi nilikuwa ng'ambo ya mbuga na ng'ombe. Nilimwona. Siku tatu nilimwona, na tumbo lake. Sikuweza kusogea, sikuwa na mtoto wa kumtuma." Akaegemea fimbo yake. "Mwambie mama yako pole na kazi."

Niligeuka kuelekea ukutani. Mama alikuwa bado amesimama pale kwenye magunia, ametupa mgongo sote. Sikukumbuka kiapo wala timu. Nikasema, "Mama, babu anasema pole na kazi." Mabega yake yakatikisika ndani ya kitenge. Hakujibu. Babu akamalizia kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba shamba lile alilime aliyeng'oa visiki vyake, na wa Itigi atafute pori lake naye afyeke. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akaomba maji. Bibi wa begi alianza kupiga vigelegele, na safari hii hata dada mwanasheria hakuomba utulivu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Babu alikuwa mkaidi, lakini neno alilolisema mbele ya kijiji alilibeba mpaka Jumapili, na kikao cha ukoo kikachukua muda wa kunywa chai tu. Baba mdogo alipiga simu mara mbili, babu akasema mtandao ni mbaya.

Ila jioni ile ya Alhamisi mimi nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Nilimrudia mama yote mawili, ingawa aliyasikia: shamba amepata, lakini kwenye sheria babu ameandikwa Hakubali, na mwenye mkono ulioandika ni mimi. Nilitegemea atakasirika. Mama alikuwa anakoka moto, akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba.

"Mzee wa watu," alisema. "Ameikataa sheria halafu ameifuata."

Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza kesho timu inakwenda wapi. Nikamtajia kijiji, kile alikoolewa mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye naye ni mjane na amekaa kwa kaka yake tangu shamba lao lichukuliwe. Mama akasema mkwe wa huko hakuwahi kuchunga ng'ambo ya mbuga yoyote, wala hakuona kisiki cha mtu. Yeye amesaidiwa na macho ya mzee mmoja. Mdogo wake atasaidiwa na nini kama si hiyo karatasi? Akaniambia nikaandike vizuri, na nisiloweshe fomu. Nikashangaa alionaje, na mgongo wake ulikuwa kwetu.

Asubuhi niliamka mapema, kalamu mbili mfukoni, nasubiri pikipiki ya kunipeleka. Nilikuwa na hamu ya hicho kijiji cha pili na cha tatu na vyote vitakavyofuata. Babu akatokea na fimbo yake akielekea zizini. Nikamwamkia, akaitikia. Mama alikuwa mlangoni na kibuyu cha maziwa. Alipomwona akageuka upande kama siku zote. Mbuzi mwenye sikio lililokatika alikuwa amefungwa kwenye kigingi, anatafuna ganda la ndizi. Mimi nilikuwa hapo, hatua mbili, mjumbe mzima wa kutumwa, lakini mama hakunituma. Aliinama kwa mbuzi.

"Mwambie," alisema, "nimeshapoa."

Babu alisimama kidogo. Akakohoa, akamwambia mbuzi kwamba mvua imekaribia, jembe liangaliwe mpini. Halafu akaenda kufungulia ng'ombe.